Bildi, Mwangwi na Mvuvi: Historia ya Kukisoma Kilindi cha Ziwa Nyasa

Watu wa Mbinga hukaa milimani, na watu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi hukaa ufukoni. Lakini chungu chao ni kimoja. Dagaa waliokaushwa mchangani hupanda mlima kwa njia ya kilomita 66, na maharage na mahindi ya Wamatengo huteremka kwa njia hiyo hiyo. Wilaya ya Nyasa ilipokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mpaka uligawa ofisi, haukugawa chungu. Kwa hiyo swali la mahali walipo samaki usiku huu si swali la mwenye mtumbwi peke yake. Ni swali la mlo wa mtu ambaye pengine hajapata kulitia ziwa mguu.

Swali hilo ni gumu kwa sababu ya umbo la ziwa lenyewe. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na penye kina kikubwa lafikia mita 700 hivi. Uso wake uko mita 470 na kitu juu ya usawa wa bahari. Basi sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 200. Katika ufuko wa Ruvuma vilima haviishii penye maji. Huzama navyo vikaendelea na mteremko wao gizani, hata mvuvi aliyepiga makasia machache tu kutoka mchangani aweza kuwa juu ya kilindi kisichomithilika. Jicho la mwanadamu huona pima chache tu za maji hayo. Yaliyosalia sharti yasomwe kwa dalili. Na historia ya uvuvi wa ziwa hili ni historia ya kusoma dalili.

Wasomaji wa kwanza walikuwa wavuvi wenyewe. Walijua kwamba dagaa, ambao huitwa pia usipa, hufuata mwanga katika usiku usio na mbalamwezi. Ndiyo sababu taa huwashwa mwezi unapokosekana. Walijua kwamba mbasa huacha ziwa akapanda mito kwenda kutaga, na kwamba majira yake hayangoji mtu mvivu. Walijua virundu, yaani miamba iliyozama ambayo haionekani kutoka juu, ambako samaki wadogo wa makundi hukusanyika kula vijidudu vinavyoletwa na mikondo. Juu ya virundu hivyo walishusha wavu uitwao chilimira, unaovutwa na watu wa mitumbwi miwili. Maarifa hayo hayakuandikwa katika karatasi. Yaliandikwa katika kumbukumbu, na baba alimsomesha mwana kwa kumpeleka mahali penyewe.

Msomaji wa pili alikuja na kamba. David Livingstone alilifikia ziwa mwezi Septemba 1859, akarudi mwaka 1861 na mashua, akafuata ufuko wa magharibi. Alitumia bildi, chombo cha zamani cha mabaharia: kipande cha risasi mwishoni mwa kamba, hushushwa mpaka kiguse chini, kisha pima huhesabiwa. Karibu na nchi bildi ilijibu. Penginepo kamba ilikwisha kabla chini hakujafikiwa. Katika safari hiyo hiyo aliona juu ya maji mawingu meusi yaliyofanana na moshi wa nyasi zinazoungua. Hayakuwa moshi. Yalikuwa ni kungu, wadudu wadogo wa ziwa wasio na hesabu, na wenyeji waliwakusanya, wakawakanda mkate, wakala. Mgeni aliyaandika mambo hayo mawili, kamba isiyofika chini na wadudu wanaoliwa, kama mambo yasiyohusiana. Itaonekana baadaye kwamba yalihusiana sana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 afisa wa jeshi la maji la Uingereza aitwaye Rhoades alilipima ziwa kwa utaratibu ili ramani yake ichorwe. Kazi ya namna hiyo huitwa ya elimu, na kweli ni ya elimu. Lakini elimu ya vilindi haikai mbali na nguvu. Tarehe 13 Agosti 1914 Rhoades huyo huyo, akiwa nahodha wa meli Gwendolen, aliingia katika bandari ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, akaipiga mizinga meli yao Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu. Meli haigusi ufuko wa adui ila nahodha wake ajue kina cha maji. Aliyeusoma ufuko huo kwa bildi wakati wa amani aliujia kwa mizinga wakati wa vita. Tangu hapo ni haki kuuliza, kila chombo kipya cha kupimia kinapoletwa ziwani: nani atakisoma, na kwa faida ya nani?

Chombo cha tatu hakikuzaliwa ziwani, bali katika hofu ya bahari ya kaskazini. Meli Titanic ilipozama mwaka 1912 kwa kugonga siwa la barafu, wataalamu wa nchi mbalimbali walitafuta njia ya kutambua kitu kilichofichwa na maji na giza. Alexander Behm wa Ujerumani alipata haki ya uvumbuzi wa kupima kina kwa mwangwi mwaka 1913. Reginald Fessenden, kwa mashine yake iliyofungwa katika meli ya Marekani, alipata mwangwi wa siwa la barafu na wa sakafu ya bahari mwezi Aprili 1914. Wakati wa vita vilivyofuata, Paul Langevin wa Ufaransa alitumia kioo cha mawe ya kwatzi kutoa na kupokea sauti kali isiyosikiwa na sikio. Kati ya mwaka 1925 na 1927 meli Meteor ya Ujerumani ilivuka Atlantiki ya kusini mara kwa mara, ikapima kina mara zaidi ya 67,000. Kazi ambayo kwa bildi na kamba isingalimalizika katika umri wa mtu.

Asili ya maarifa hayo ni nyepesi. Sauti hukimbia majini karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mashine hupiga mlio, husikiliza, huhesabu muda, hugawa kwa mbili, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi. Mlio uliorudi baada ya sehemu 13 za sekunde iliyogawanywa mia umetoka katika kina cha mita 100 hivi. Lakini wapimaji walianza kuona alama zisizo za sakafu, zikielea katikati ya maji. Wengine walizihesabu kuwa ila ya mashine. Wavuvi wakazitilia shaka nyingine. Ronald Balls, nahodha Mwingereza wa mashua ya kuvulia heringi, alitumia mashine ya mwangwi kutafutia samaki tangu mwaka 1933, akilinganisha alama na wavu wake. Mwaka 1935 mtaalamu wa Norway, Oscar Sund, alitangaza picha ya mwangwi iliyoonyesha kundi la chewa wa Lofoten. Huko Japani, ndugu wawili wa ukoo wa Furuno walitengeneza mwaka 1948 mashine ya kutafutia samaki iliyoweza kuuzwa kwa wavuvi. Ila ya kwanza ikawa faida ya pili.

Hapa sharti jambo moja lisemwe wazi, maana wengi hulipita. Mashine haioni samaki. Husikia mpaka kati ya maji na kitu kisicho maji, na hakuna kitu kinachorudisha sauti majini kama hewa. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mwangwi wao hutoka katika kibofu hicho, si katika nyama wala mifupa. Kinachoitwa alama ya samaki ni alama ya hewa. Je, hewa hiyo ni ya nani? Mashine haisemi.

Katika Ziwa Nyasa swali hilo lina jibu la ajabu. Mwaka 1939 uchunguzi mkubwa wa uvuvi ulifanywa kwa nyavu na kwa kuzungumza na wavuvi; mashine ya mwangwi ilitumika kwa upana baadaye, hasa katika utafiti wa mwaka 1991 hadi 1994 uliohusu maji ya nchi zote tatu, uliofanywa kwa meli iliyopewa jina la dagaa, yaani Usipa. Meli ilipiga sauti, na pia ilishusha nyavu, kwa sababu mwangwi usio na wavu ni shahidi mmoja. Ilikutwa kwamba katika maji ya mbali na nchi wamejaa mabuu ya kungu, wale wale walioonekana na Livingstone kama moshi. Buu la kungu lina vifuko vidogo vya hewa mwilini. Mchana huzama mita zaidi ya 200, karibu na maji yasiyo na oksijeni, ambako samaki hawezi kulifuata kwa muda. Usiku hupanda juu kula. Mamilioni ya mabuu hayo, kila moja na hewa yake, hurudisha mwangwi mfano wa utando mpana. Asiyejua hushangilia kundi kubwa la samaki, akashusha wavu, akapandisha maji matupu.

Tena, hewa ya kuvuta katika ziwa hili huishia kwenye kina cha mita 250 hivi. Chini ya hapo maji hayana oksijeni, na samaki hana maisha. Basi alama iliyo katika mita 300 isihesabiwe mlo wa mtu. Lakini utando wa kungu si uongo mtupu. Kuna samaki wa maji mapana wanaokula mabuu hayo, nao huwafuata kando ya utando. Mvuvi ambaye bibi yake alikanda mkate wa kungu ana mwanzo mwema wa elimu hii kuliko mgeni mwenye mashine ya bei kubwa.

Leo mashine hii imekuwa ndogo ya kubebwa mkononi, na betri ya volti 12 huitosha. Kuifunga kuna adabu yake. Kichwa cha sauti, ambacho hupiga mlio na kuupokea, hufungwa tezini chini ya maji, mbali na rafadha, maana mapovu ya rafadha ni hewa, na hewa, kama ilivyosemwa, hupiga kelele kuliko samaki. Kitazame chini sawasawa. Kikiinama, kina kitasomeka kirefu kuliko kilivyo. Kisha mashine iambiwe kwamba maji ni baridi ya ziwa, si chumvi ya bahari. Kwa kuwa sauti hukimbia zaidi katika maji ya chumvi, mashine iliyoachwa katika hesabu ya bahari huongeza kama mita 2 katika kila mia. Mlio wa mitetemo 50,000 kwa sekunde hushuka mbali lakini huenea sana. Ule wa 200,000 huonyesha mambo madogo kwa usafi, hufaa kina cha wastani. Nguvu ya usikivu ikizidi, kioo hujaa takataka. Ikipungua, samaki hupotea pamoja na takataka.

Kusoma kuna adabu kubwa zaidi. Sauti hushuka ikienea kama paa la msonge: kileleni ncha, chini upana. Mlio wenye upana wa nyuzi 20 hufunika katika kina cha mita 100 duara la mita 35. Kwa hiyo samaki aonekanaye si lazima awe chini ya mtumbwi. Katika ufuko wenye mteremko mkali kama huu, ukingo wa duara hugusa mwamba kabla ya kati, na mashine hutangaza sakafu iliyo karibu kuliko sakafu ya kweli. Sakafu ya pili, yenye kina mara mbili ya ile ya kwanza, ni mwangwi uliopiga uso wa maji ukarudi tena. Na kioo si ramani. Upande wa kulia ni sasa, upande wa kushoto ni jana yake ya dakika chache. Samaki mmoja aliyetulia chini ya mtumbwi uliotulia huchora mstari mrefu, naye ni mmoja tu. Upinde huchorwa kwa sababu mtumbwi humkaribia samaki, humpita, humwacha; si kwa sababu mgongo wake umepinda.

Mwanafunzi wa mashine hiyo hujifunza upesi akiianzia mahali anapopajua. Aipeleke juu ya kirundu cha babaye, aone mwamba umechorwaje. Aipitishe juu ya kundi la dagaa waliovutwa na taa, aone alama yao kabla wavu haujapanda, kisha ahesabu kilichopanda. Hivi ndivyo alivyofanya Balls kwa heringi, na ndivyo ilivyofanya meli Usipa kwa nyavu zake. Kila alama hupata jina lake kwa wavu, na wavu hupata mahali pake kwa maarifa ya mtu.

Liko jambo ambalo mashine haikuletwa kulijibu. Bildi ilisema kina. Mwangwi husema kina na kilicho kati. Hakuna kimoja kinachosema imetosha. Zamani giza la ziwa lilikuwa hifadhi ya samaki wasiojulikana walipo, na kila hatua ya elimu hupunguza giza hilo. Ziwa haliongezeki kwa kusomwa vizuri. Wamatengo wa Mbinga walijifunza kuchimba ngolo katika miteremko mikali ili mvua isichukue udongo. Hawakungoja mlima uishe ndipo wajue thamani yake. Ikiwa mwangwi utafungwa katika mitumbwi ya Liuli na Mbamba Bay, utakuwa baraka kwa chungu cha milimani na cha ufukoni pale ambapo yule anayejua kuusoma atajua pia usiku wa kuuzima.