Damu ya Kikwit na Mafuta ya Seli

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati ule. Kati ya watu 318 walioambukizwa, 280 walikufa. Daktari Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, aliyetumwa kutoka Kinshasa, aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, na ni ajabu kwamba aliishi kulisimulia jambo hilo. Virusi vilipotambuliwa katika maabara za ng'ambo vilipewa jina la mto Ebola, ili Yambuku isibebe aibu hiyo milele.

Yaliyotokea Kikwit mwaka 1995 hayana budi kuelezwa kwa utulivu zaidi, maana mara nyingi hutajwa kwa kupita tu. Dawa haikuwapo. Muyembe na wenzake waliamua kuchukua damu ya waliopona na kuwatia wagonjwa wanane; saba wakapona. Watafiti wengi wa nje hawakusadiki. Wagonjwa hao, walisema, hawakulinganishwa na wengine wasiotiwa damu, na huenda walikuwa wamekwisha kuvuka siku za hatari. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini jambo lisilothibitishwa si jambo lililokanushwa, na tofauti hiyo ilisahauliwa upesi mno.

Mbali na Kongo, wataalamu wengine walikuwa wakichunguza ugonjwa adimu wa kurithi, Niemann-Pick aina ya C. Kwa wenye ugonjwa huo kolesteroli, ambayo ni mojawapo ya mafuta ya mwili, hurundikana ndani ya seli, aghalabu kwa sababu protini iitwayo NPC1, ambayo kazi yake ni kuihamisha, ina kasoro. Habari hiyo haikuonekana kuihusu Ebola hata kidogo. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba virusi vya Ebola huhitaji protini hiyohiyo. Virusi hivyo, vilivyojifunika utando wa mafuta uliotoka katika seli ya mgonjwa, humezwa na seli nyingine. Vikiwa ndani ya kifuko chake hujishikiza kwenye NPC1, kisha tando mbili huungana, navyo vikapenya. Seli za wagonjwa wa Niemann-Pick zilivizuia.

Hapo njia mbili zilikutana. Mtu mmoja aliyepona Kikwit alikuwa ametoa damu tena mwaka 2006, miaka 11 baada ya kuugua. Katika damu hiyo ilipatikana kingamwili iliyoitwa mAb114, ikabainika kwamba huziba mahali palepale ambapo virusi hushikia NPC1. Kuanzia Novemba 2018 ilijaribiwa pamoja na dawa nyingine tatu huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kila mgonjwa akipangiwa dawa kwa kura. Ulinganishaji uliokosekana Kikwit ulifanyika sasa, tena katika eneo la vita. Agosti 2019 jaribio lilikatizwa, kwa kuwa dawa mbili zilikwisha kuonekana bora: kati ya waliopewa mAb114 walikufa takriban 35 kwa mia, na kati ya waliopewa ZMapp karibu 50.

Marekani iliidhinisha mAb114 Desemba 2020. Agosti 2022 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza pamoja na mwenzake, likikiri kwamba katika nchi zinazozihitaji dawa hizo zilikuwa bado vigumu kupatikana.