Tezi za adrenali katika ugonjwa wa Cushing

Katika ugonjwa wa Cushing, uvimbe wa tezi ya pituitari, ambao mara nyingi ni mdogo sana, humwaga homoni ya ACTH kupita kiasi. Homoni hiyo huzichochea tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitoe kotisoli nyingi mchana na usiku. Harvey Cushing, daktari wa Marekani, aliuhusisha ugonjwa huu na uvimbe wa pituitari mwaka 1932.

Tezi moja ya adrenali ya mtu mzima huwa na uzito wa gramu 4 hadi 5 hivi. Ikichochewa kwa muda mrefu, gamba lake hunenepa, hasa tabaka la kati linalotengeneza kotisoli. Kwa kawaida tezi zote mbili hukua. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa waliougua miaka mingi, huota vinundu, na upande mmoja huweza kuuzidi mwingine. Hapo ndipo penye hatari: kinundu kikubwa kwenye picha ya CT huweza kudhaniwa kuwa ndicho chanzo, mgonjwa akapasuliwa tumbo ilhali tatizo liko kichwani. Kupima ACTH katika damu ni muhimu kabla ya uamuzi huo, kwani uvimbe wa adrenali unaotoa kotisoli wenyewe huishusha ACTH, na tezi ya pili husinyaa. Tezi zenye ukubwa wa kawaida nazo haziondoi shaka ya ugonjwa.

Upasuaji wa pituitari ukifaulu, ACTH hushuka ghafla na adrenali hukosa kichocheo. Hivyo mgonjwa hutumia haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya kotisoli, mara nyingi kwa miezi kadhaa, na kuiacha bila ushauri wa daktari kunaweza kumuua.