Shanga moja iliyobadilika: protini ya damu na watoto wetu wa Pwani

Kijana wa mtaani akirudi na shahada ya uzamifu, watu humuuliza amesomea nini. Akijibu kwamba amekaa miaka mitano maabara akichunguza protini moja ndani ya seli, wazee hutazamana. Mwenziwe kasomea uhandisi na bandari inamngoja. Huyu wa protini atakula wapi? Swali hilo si la dharau, ni la watu wanaojua karo ilitoka wapi. Ila kwa sisi watu wa Pwani jibu liko karibu mno, maana limo katika damu yetu.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kazi nyingi ndani ya vyumba hivyo hufanywa na protini. Kuna protini za kubeba, za kukata, za kufunga na kufungua, na za kupeleka habari. Kila protini ni uzi wa shanga zinazoitwa amino asidi, zimetungwa kwa mpangilio maalumu mithili ya tasbihi. Uzi ukishatungwa hujikunja wenyewe ukapata umbo, na umbo hilo ndilo linaloamua kazi. Bayolojia ya molekuli ni elimu ya kuzisoma shanga hizo na maagizo ya urithi yanayozipanga.

Himoglobini ndiyo protini inayozipa seli nyekundu rangi yake na kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Ina nyuzi nne, mbili za aina ya alfa zenye shanga 141 kila moja, na mbili za beta zenye shanga 146. Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, ana kosa kwenye shanga ya sita ya uzi wa beta. Palipopaswa kuwa na asidi ya glutamiki pamekaa valini. Hilo tu, nyingine zote ni sawasawa.

Ilichukua karibu nusu karne kulijua hilo. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za kijana mmoja kutoka Grenada ambaye seli zake nyekundu zilikuwa zimejipinda kama mundu. Hakuna aliyejua kwa nini. Je, ni ganda la seli lililoharibika, au ni kitu kilichomo ndani?

Aliyelifungua fundo hilo alikuwa mwanafunzi wa uzamifu. Harvey Itano alizaliwa California mwaka 1920, wazazi wake Wajapani. Mwaka 1942 aliibuka mwanafunzi bora wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lakini hakuhudhuria mahafali yake, kwa kuwa serikali ya Marekani ilikuwa imewatia kambini watu wa asili ya Kijapani kwa sababu ya vita. Baadaye aliruhusiwa kwenda kusomea udaktari wa tiba, kisha akaingia Caltech chini ya mwanakemia Linus Pauling. Kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta kama himoglobini ya wagonjwa hawa ina tofauti yoyote na ya watu wazima wa afya.

Itano na wenzake waliitia himoglobini katika maji, wakapitisha umeme. Ile ya wagonjwa ilisafiri kwa namna yake, tofauti na ya kawaida, dalili kwamba chaji yake ya umeme si moja. Waliporudia kwa damu ya watu waliobeba kasoro bila kuumwa, walizikuta aina zote mbili zimechanganyika. Matokeo yalitoka katika jarida la Science Novemba 1949, na kwa mara ya kwanza maradhi ya mwanadamu yakaonekana kuwa ni kosa la molekuli moja. Vernon Ingram wa Cambridge ndiye aliyekuja kuikatakata protini hiyo na kuionyesha shanga yenyewe, mwaka 1956 na 1957.

Shanga moja inawezaje kumliza mtoto usiku kucha? Valini haipendi maji. Himoglobini ikishatoa oksijeni, sehemu hiyo hushikana na himoglobini ya jirani, nayo ikashikana na nyingine, hadi zikawa vijiti vigumu vinavyoipinda seli. Seli iliyopinda huziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu ya mifupa yanapotoka. Seli nyekundu ya kawaida huishi kama siku 120. Hii hufa baada ya siku kumi hadi 20 hivi. Ndiyo sababu damu hupungua na macho kuwa manjano. Kwetu, mtoto wa namna hii akivimba vidole vya mikono na miguu, neno la kwanza huwa ni kijicho au jini. Familia huzunguka kwa waganga, na siku zinapita.

Na kwa nini sisi? Mwaka huohuo wa 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari wa Oxford aliyekulia Gilgil, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za Kenya. Wabebaji wa kasoro walikuwa wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu. Akaona kwamba ramani hiyo ni ya malaria, na mwaka 1954 akachapisha hoja yake kuwa kubeba kasoro kunakinga. Watafiti wa Kilifi walikuja kuipima kinga hiyo kwa watoto. Taarifa yao ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba mbebaji anakingwa kwa takriban asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, na karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Basi kasoro hii haikuletwa na uchawi wala uchafu wa ukoo. Ilibaki kwetu kwa sababu iliwaokoa mababu zetu.

Mbebaji, anayeandikwa AS, si mgonjwa. Tatizo huja AS anapooa AS. Hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto SS, mgonjwa, na nafasi hiyo hairithiwi na mimba iliyotangulia wala haipungui kwa inayofuata. Lazima kasoro itoke kwa baba na kwa mama, zote mbili. Naliandika hili kwa sababu najua wanawake waliopewa talaka kwa kosa la "kuzaa watoto wa maradhi", na mume akaoa tena huku naye amebeba nusu ya sababu.

Wanaooana ndani ya ukoo mmoja, kama tulivyozoea, wana hatari zaidi ya kukutana kwa kasoro moja. Saudi Arabia imelazimisha kipimo hiki kabla ya nikahi tangu mwaka 2004. Wachumba hupewa majibu na uamuzi hubaki kwao. Kwangu mimi kipimo kingekwenda pamoja na posa. Na njia mojawapo ya kukifanya hospitalini ni kutenganisha himoglobini kwa umeme, kanuni ileile ya Itano.

Utafiti haukuishia hapo. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York aligundua kwamba watoto wachanga hawaumwi kwa kuwa bado wana himoglobini ya tumboni, ambayo haishikani. Nini huizima baada ya kuzaliwa? Mwaka 2008 Vijay Sankaran, aliyekuwa akisoma udaktari na uzamifu Harvard, alionyesha pamoja na wenzake kwamba mzimaji mkuu ni protini iitwayo BCL11A. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 inamlenga mzimaji huyo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, kwa hiyo tusidanganyane.

Kilicho karibu nasi zaidi ni haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayoongeza himoglobini hiyo ya tumboni. Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vinne vya Afrika vilivyoijaribu kwa watoto, pamoja na Luanda, Kinshasa na Mbale. Matokeo yaliyotoka Desemba 2018 yalionyesha kuwa maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vilipungua. Si dawa ya kununua dukani na kumpa mtoto kiholela, maana inaweza kushusha seli nyeupe kupita kiasi. Mtoto hupimwa damu kila baada ya muda, na daktari ndiye anayepanga kipimo kulingana na uzito wake.