Chyulu: Vilima Vinavyokunywa Mvua

Wasee, ukienda Mombasa kwa barabara, ukifika Kibwezi hebu acha simu kidogo uangalie mkono wa kulia. Vile vilima vya kijani vimepangana kama matuta ya viazi ni Chyulu, na vyote vilitoka kwa moto.

Stori ilianza kaskazini, kama miaka milioni 1.4 iliyopita. Halafu volkano zikawa zinahama pole pole kuelekea kusini mashariki. Kila mlipuko ulirusha juu vipande vya lava vyepesi, vimejaa vitundu. Vikaanguka kuzunguka shimo, vikarundikana hadi vikawa kilima. Rudia hivyo mara mamia, umepata Chyulu.

Ndiyo maana vilima vya kaskazini vimechakaa. Ncha zimekuwa butu na mawe yameoza yakawa udongo. Lakini shuka hadi Tsavo Magharibi, kule Chaimu na Shetani: mawe bado meusi, makali, utadhani ni makaa ya jana. Lava ya Shetani ilitoka juzi tu, karne ya 19. Wenyeji walisema ni shetani ametoka ardhini. Usiwacheke. Hawakuwa na kamera, kwa hivyo ripoti yao iko kwa hilo jina.

Sasa, mbona mvua haijamaliza hivi vilima? Kwa sababu vinaikunywa. Maji yanazama kwa vile vitundu kabla hayajajikusanya yachimbe mteremko. Huko juu hutapata mto. Maji yanapita chini ya lava na kutokea chemchemi za Mzima, kama kilomita 50 hivi, na bomba linapeleka mengine hadi Mombasa.

Shida inaanza vitundu vikiziba. Mawe yakishaoza kuwa udongo laini, maji hayazami haraka. Yanateremka yakikata mitaro. Kwa asili hiyo ni kazi ya maelfu ya miaka. Lakini tukichoma msitu wa juu na kuchunga mifugo hadi nyasi ziishe, udongo unabaki uchi, na mvua inaumaliza kwa miaka michache tu.

Kwa hivyo moshi ukionekana Chyulu, msee wa Mombasa asiseme hiyo ni shida ya watu wa Kibwezi. Akifungua mfereji, huenda anakunywa mvua iliyonyesha kule juu.

Haya, shule ulifunzwa hii? Niambie hapo chini.