Mbono wa Kisarawe na Maji ya Kuoshea Mafuta

Mmea uliozoeleka Pwani kama ua wa shamba na alama ya makaburi, hata ukaitwa mbono kaburi, uligeuka ghafla miaka ya 2000 kuwa tumaini la wenye magari ya Ulaya. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipewa hekta 8,211 za Kisarawe zilizokuwa za vijiji 11, kwa hati ya miaka 99. Mwaka 2011 ilifilisika, shamba likauzwa kwa wawekezaji wengine na mamia ya wafanyakazi wakabaki bila kazi. Wapo wanaosema mbono ulishindwa kwa kuwa ufundi wa kusafisha mafuta yake ulikuwa bado mchanga, na kwamba sasa ufundi umekomaa, basi turudie. Hoja hiyo inawagusa hata watu wa Gwata na ukanda wote wa Kibaha na Kisarawe, kwa sababu ardhi iliyo jirani na Dar es Salaam haitaacha kutafutwa. Mimi naona imekosea mahali pa kidonda.

Ufundi wenyewe ni wa kuheshimiwa. Mafuta ya mbono huchanganywa na methanoli na magadi makali, yakatoa biodizeli na glisirini. Glisirini nyingi hutuama chini, lakini mabaki yake hung'ang'ania pamoja na sabuni, na mbegu zilizokaa vibaya ghalani huzidisha sabuni hiyo. Viwango vya Ulaya na Marekani haviruhusu glisirini huru kuzidi asilimia 0.02. Njia ya kawaida ni kuyaosha mafuta kwa maji, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka maji yatoke meupe. Kisha kiwanda kinabaki na maji machafu yenye sabuni na methanoli. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba chujio la kauri lenye vitundu vya mikroni 0.1 linaweza kuifanya kazi hiyo bila maji ya kuoshea: sabuni na glisirini hujikusanya katika vitone vikubwa kuliko molekuli za biodizeli, navyo huzuiwa huku biodizeli ikipita. Ni ugunduzi mzuri hasa kwa nchi yenye kiangazi kirefu.

Lakini maji yaliyoleta malalamiko Kisarawe hayakuwa ya kiwandani. Wanavijiji walilalamika kwamba visima na mabwawa waliyoyategemea yalibaki ndani ya mipaka ya shamba, na kwamba ahadi za visima vipya, zahanati na shule zilitolewa kwa mdomo bila kuingia kwenye mkataba. Chujio la kauri, hata liwe bora namna gani, halimrudishii mtu njia ya kwenda kisimani.

Nitajibiwa kwamba hapakuwa na mjeledi: mikutano ya vijiji ilikaa, baadhi ya watu wakalipwa fidia, ajira zikaja. Ni kweli, na ndiyo tofauti kubwa na mwaka 1902, Wajerumani walipoanzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam na kuwalazimisha Wazaramo kuyalima, mpaka vita vya Maji Maji vikawaka mwaka 1905 na Kibasila, kiongozi wa Wazaramo, akanyongwa. Hata hivyo ridhaa ina uzito pale tu anayeridhia anapojua anachokitoa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mwekezaji wa kigeni hapewi ardhi ya kijiji ikiwa bado ni ya kijiji. Kwanza huhawilishwa kuwa ardhi ya jumla, na hapo mamlaka ya kijiji juu yake hukoma. Mkulima aliyedhani anakodisha shamba lake alikuwa, kisheria, analiaga. Ndiyo maana kampuni ilipoanguka, hekta zile zilikwenda kwa mnunuzi mpya, wala hazikurudi mezani pa mkutano wa kijiji hata kimoja.