Ala, Kanda na Usikivu: Hoja juu ya Maonyesho ya Muziki wa Elektroniki

Miongoni mwa masuala yaliyowashughulisha watunzi wa muziki wa elektroniki tangu miaka ya 1950, liko moja ambalo hata leo halijapata jawabu la kukata shauri: ikiwa sauti za onyesho zimekwisha kutengenezwa na kuhifadhiwa, ya nini kumketisha mpigaji na ala yake mbele ya hadhira? Wako wasemao kuwa ala ni pambo la jukwaa, limewekwa ili macho yapate cha kutazama; na wako wasemao kuwa ni heshima inayopewa kaida ya kale. Makala haya yanadai kwamba thamani ya ala hai imo katika usikivu: palipo na mtu anayelazimika kusikiliza na kuitika papo hapo, pana onyesho, asipokuwapo, pana kanda iliyofunguliwa tu mbele ya watu.

Mtunzi Edgard Varèse, alipoitoa kazi yake Déserts mjini Paris tarehe 2 Desemba 1954, alizitenga ala na kanda: wapigaji wa ala za kupuliza, piano na ngoma walipiga sehemu yao, wakanyamaza, kanda ikasikika, kisha wakaendelea. Kukutana kwenyewe kwa ala na kanda kulidhihirika katika Kontakte ya Karlheinz Stockhausen, iliyopigwa mara ya kwanza mjini Cologne mwezi wa Juni 1960, David Tudor akiwa kwenye piano na Christoph Caskel kwenye ala za kugongwa, huku kanda ikisikika kutoka vipaza sauti vilivyoizunguka hadhira pande nne.

Yafaa tuitazame kazi hii kwa karibu. Kwa muda wa nusu saa na ushei kanda huenda mwendo wake bila kumngoja mtu. Mchoro wa sauti zake umewekwa juu ya noti za wapigaji, na wakati umeandikwa kwa sekunde. Mwanzo mtunzi alikusudia wapigaji waiitikie kanda kwa hiari yao, walakini mazoezi yalimfanya aandike kila pigo. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Na asomaye karatasi hizo atadhani kwamba hapa kanda imeivuta ngozi yote, mpigaji akabaki kufuata. Basi na asikilize. Mpigaji anagonga ubao. Mara sauti ya kanda, iliyo jamaa na ubao lakini si ubao, inaupokea mlio ule, inauzungusha nyuma ya migongo ya wasikilizaji, na kuugeuza mpaka unakaribia mlio wa shaba. Na mpigaji aliyechelewa kwa kiasi cha kupepesa jicho amekwisha kuukata uzi ule, wala hapana wa kumuungia.

Mpinzani atajibu kwamba mtunzi mwenyewe aliiruhusu kanda ya Kontakte isikizwe peke yake, pasipo piano wala ngoma, na kazi ikasimama. Je, si dalili kuwa ala ni ziada? Hoja hii ni nzito, wala haijibiwi kwa kudharauliwa. Kanda ikiwa peke yake, msikilizaji yumo katikati ya bahari asiyoiona pwani yake: sauti zote ni ngeni kwa kadiri moja, naye hana cha kupimia ugeni wao. Ngozi, ubao na shaba, alivyovizoea tangu utotoni, ndivyo alama za nchi kavu anazopimia amechukuliwa mbali kiasi gani. Fauka ya hayo, kanda yenyewe haikuzaliwa pasipo mkono: sauti zile zizungukazo zilipatikana kwa kipaza sauti kilichowekwa juu ya meza ya kuzungushwa kwa mkono, na maikrofoni nne zikinasa pembeni. Mkono ulikuwamo tangu studioni. Mpigaji ndiye anayeutoa hadharani.

Kompyuta ilileta matumaini mengine. Katika Jupiter ya Philippe Manoury, iliyotungwa mwaka 1987 katika taasisi ya IRCAM mjini Paris kwa msaada wa programu ya Miller Puckette, mashine inazisikia noti za filimbi, inatambua mpigaji amefika wapi, na kutoa sauti zake wakati uwadiapo. Naye akikawia kuvuta pumzi, inamngoja. Wengi wameona kuwa hapa ndipo tatizo lilipokwisha. Mimi naona limehama: mashine ingojayo kila kitu yaweza kumlegeza mpigaji, kama ile isiyongoja inavyoweza kumbana, na faida hupatikana pale tu ambapo sauti aliyoizaa inamrudia imebadilika, ikamlazimu aamue upya namna ya kuipiga noti ifuatayo.

Kipimo ninachokipendekeza, kwa hiyo, ni hiki: mpigaji akishusha mikono katikati ya onyesho, msikilizaji aliyefumba macho atatambua kilichopotea? Asipotambua, ala ile ilikuwa pambo, na pambo halistahili jasho la mtu aliyejifunza kazi yake kwa miaka mingi. Mtunzi anayeiita ala jukwaani na aanze, kabla ya kuandika noti ya kwanza, kwa kuamua mpigaji wake atakuwa akisikiliza nini.