Katazo la Viuavijasumu na Kurejea kwa Mimea Tiba ya Mifugo Ulaya, 1969–2006

Mwaka 1969, Kamati ya Swann nchini Uingereza ilionya kuwa viuavijasumu vilivyochanganywa katika chakula cha mifugo ili ikue haraka vilichochea usugu wa bakteria, hatari kwa mnyama na binadamu. Uswidi ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986; Umoja wa Ulaya ulikamilisha katazo lake tarehe 1 Januari 2006. Pengo hilo liliwasukuma watafiti kuchunguza zaidi kitunguu saumu na oregano, ambavyo viambato vyake huzuia bakteria maabarani. Hata hivyo, athari zake kwa kinga ya mnyama hai zimetofautiana, kwani viambato hubadilika kwa udongo, msimu na ukaushaji. Hivyo, sera ya katazo huhitaji kuandamana na viwango vya dozi, chanjo na usafi wa mabanda.